Kitatange wa Nyumba ya Dhirajlal

Nikipita sokoni Bagamoyo, mpaka leo wapo wanaonong'onezana: ndiye yule aliyesaga kombe wa baharini juu ya jiwe la jikoni la Wahindi wasiokula nyama, wakamfukuza. Wengine hawanong'oni, husema kwa sauti na kucheka. Basi nitaeleza ilivyokuwa, na aliyefanya nitamtaja.

Mimi ni Mwaija binti Mwinyimvua, kwetu Kaole. Niliolewa Makurunge na mtu anaitwa Mtoro. Nikakaa naye miaka kumi na mmoja nikilima mpunga wake na kufukuza ndege wake, na Mungu hakunijalia mtoto. Akaleta mke wa pili. Huyo alipopata mimba, Mtoro alinipa talaka siku za mavuno, mpunga nilioulima ukiwa bado umeanikwa uani. Niliondoka na kitanda cha kamba na sufuria mbili.

Wazee wetu walikuwa wamekwisha kufa. Nyumba ya Kaole ilibaki kwa mdogo wangu Somoe na mumewe Haji, mvuvi wa madema, na watoto wao sita. Nililala ukumbini, kwenye njia ya kwenda uani, na kila aliyetoka kwenda chooni alinivuka. Somoe hakunisema hata siku moja. Lakini mtu mzima asiye na mlango wa kufunga hujiona mwenyewe, hahitaji kusemwa. Niliposikia kuwa mke wa Dhirajlal, mwenye duka la kanga na nafaka mtaa wa Wahindi, anatafuta mwanamke wa kufua na kufagia, nilikwenda siku ileile.

Bibi Damyanti alinipokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, bangili mpaka nusu ya mkono, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mumewe. Alinizungusha nyumba nzima, kisha akanipeleka nyuma ya ua kwenye chumba kidogo kilichopakwa chokaa, chenye dirisha la mbao na mlango unaofunguka uchochoroni. Akanipa ufunguo.

"Hiki chako," alisema. "Lakini kuna sharti, na sitalisema mara mbili. Katika nyumba hii nyama haiingii. Samaki haingii. Yai haliingii. Ukila huko nje ni dini yako na tumbo lako, mimi sikukatazi. Kikivuka kizingiti hiki, na wewe utakivuka kwenda nje. Umesikia, Mwaija?"

"Nimesikia, Bibi."

Nilisikia, na nilishika. Miaka kumi na miwili sikuingiza hata kichwa cha dagaa. Nikitaka samaki nilikwenda kumla kwa Somoe, nikasugua mikono kwa ndimu na mchanga, nikasukutua kinywa, ndipo nikarudi. Mwezi wa Ramadhani nilifuturu kwa tende na dengu za Bibi. Watu walinicheka, wakaniuliza kama nimebadili dini. Nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa na chumba. Jioni nilisukuma komeo la mlango wangu na hakuna aliyeweza kunivuka.

Mwaka ule wa sherehe za kutawazwa Malkia wa Waingereza, Jaysukh akarudi kutoka Bombay. Alikuwa mdogo wake Dhirajlal, mtu wa miaka thelathini na ushei, hana mke wala kazi maalumu. Alikuwa na maneno mengi, na katika maneno yake yote lililomkaa moyoni lilikuwa jumba aliloliona kule, lenye kuta za vioo, na nyuma ya vioo samaki wa baharini wanaogelea, watu wanalipa kiingilio kuwatazama. Mimi niliona ni ujinga mtu wa Bagamoyo kusafiri hadi Bombay kwenda kutazama samaki. Lakini hakuniuliza.

Akachukua vioo vya kabati bovu la dukani, akampa fundi avifunge kwa vyuma na lami, likatoka sanduku la vioo, ukubwa wake kama sanduku la majani ya chai. Likawekwa kwenye meza katika sebule ya mbele. Ndani akatia mchanga na mawe ya matumbawe. Maji ya bahari yalitakiwa kubadilishwa kila asubuhi, madebe mawili. Nani aliyeyabeba kichwani kutoka pwani? Jaysukh alikuwa amelala.

Bibi Damyanti hakukataza. Samaki aliye hai si kitoweo, alisema, ni mgeni.

Haji ndiye aliyemleta huyo mgeni. Alimkuta ndani ya dema alilotega mwambani: kitatange, mpana kama kiganja changu, wa manjano, na mstari mweusi umepita juu ya jicho kama amejifunga kitambaa. Kwetu hakuna anayehangaika na kitatange, mifupa tu. Haji alimleta kwenye ndoo kwa mzaha. Jaysukh alipomwona aliruka kama mtoto wa siku ya Idi.

Tatizo likawa chakula.

Bibi alijitolea kumlisha kwa mkono wake mwenyewe. Kwao Kathiawar, huko India, alinieleza, kuna bwawa karibu na mahali pao pa kuabudia, na wanawake huenda na unga wa ngano uliokandwa, wakautupia samaki, na samaki huja hata wakagusa vidole. Kulisha samaki ni thawabu kubwa. Basi akakanda unga bila chumvi, akaviringisha vidonge vidogo kama punje za tasbihi, akavitupa mle. Kitatange akasogea. Mdomo wake ni mwembamba kama wa ndege chozi. Akakichukua kidonge kimoja, akakitema. Akachukua cha pili, akakitema. Kisha akageuka akatupa mgongo.

"Hajazoea," alisema Bibi.

Kesho yake wakampa unga wa dengu. Kesho kutwa wali. Wakampa mkate uliolowekwa, wakampa maziwa yaliyogandishwa na kukatwakatwa. Maji yakawa kama uji wa mgonjwa, na mimi nikabeba madebe manne badala ya mawili. Wao walimfikiria samaki wa bwawani, ambaye hula anachotupiwa. Samaki wa mwambani hajapata kuona ngano tangu azaliwe. Siku ya sita ubavu wa kitatange ulikuwa umebonyea, na Jaysukh alikaa mbele ya kioo na uso kama amefiwa.

"Anataka nini huyu?" alisema, si kwangu hasa. Nilikuwa napiga deki sakafu.

Kosa langu lilikuwa kufungua mdomo. "Huyo hali kinachoelea," nilisema. "Huyo kazi yake kudonoa jiwe. Nimewaona tangu mtoto, maji yakipwa. Anatafuta vinyama kwenye matundu."

Aligeuka akanitazama kama aliyeniona leo. Siku nyingine zote aliniita "wewe". Siku hiyo akasema, "Bi Mwaija. Vinyama gani?"

"Vya baharini. Ukimsagia kombe mbichi ukampaka kwenye jiwe, nadhani atakula. Lakini kombe ni nyama, na Bibi ameshasema."

"Niletee wewe."

"Bwana Jaysukh, nimekaa hapa miaka kumi na miwili."

"Hakuna atakayejua. Shemeji asubuhi yuko kwenye sala zake, kaka yuko dukani. Utaingia na jiwe, utatoka na jiwe."

"Na akijua?"

"Nitasema ni mimi niliyekutuma. Naapa kwa kichwa cha mama yangu. Mimi si ndugu wa mwenye nyumba? Nani atanifukuza mimi?"

"Si wewe ninayekuhofia kufukuzwa."

Uso wake ukabadilika. "Basi nitamwambia kaka kuwa nimekupa kazi umeikataa," alisema, na ule u-Bi ukamtoka. "Tuone hapo."

Nikakubali. Sitajidai kuwa nilimhurumia samaki. Nilikubali kwa sababu yeye alikuwa bwana na mimi mfuaji, na kila upande niliogeukia niliona chumba changu kinaondoka. Nikachagua upande ulioapiwa.

Kazi ile niliifanya vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Bamvua ilipofika nilikwenda Kaole na wanawake wenzangu, maji yamepwa mbali kabisa, nikachimbua kombe wadogo wa mchangani. Nikatoboa debe matundu, nikawatia humo, nikalifukia pwani chini ya mji, pembeni mwa mikoko, mahali ambapo maji hupanda kila siku. Humo walikaa hai mpaka bamvua ya pili. Kila alfajiri nilipokwenda kuteka maji nilitoa kombe kumi, nikawapasua kulekule, nikawaponda juu ya jiwe la pwani, nikakipaka kile kinyama ndani ya matundu ya tumbawe dogo. Nikaliacha jiwe juani kidogo ili kigande, kisichafue maji. Kisha nikalizamisha ndani ya debe la maji na kuliingiza nyumbani.

Siku ya kwanza kitatange alilizunguka lile jiwe mara tatu, akiinamisha kichwa huku na huku kama mkwe anayekagua pishi. Kisha akatia mdomo tunduni. Tukasikia kwenye kioo, tik, tik, tik. Jaysukh alilia. Mtu mzima alilia machozi.

Lakini alikuwa na maringo huyo samaki kuliko bibi harusi. Kombe wa jana hataki. Chaza wa kwenye mikoko nilimjaribisha, akatema. Nikikipaka kinyama nje ya jiwe badala ya tunduni, hakisogelei. Lazima jiwe litoke kabla ya adhuhuri, la sivyo maji yananuka. Yote hayo niliyajua mimi peke yangu, kwa kujaribu na kukosea, na Jaysukh hakutaka kujua. Yeye alitaka kumwona anakula tu. Wageni wakija aliwasimulia: "Mimi nimemfundisha kula." Bibi Damyanti naye aliamini kuwa hatimaye ngano imemkubali. Aliendelea kumtupia vidonge vyake jioni kwa thawabu, na mimi niliviokota kwa chujio asubuhi.

Miezi minne ikapita hivyo. Mwezi wa tano mama yake Haji akafariki, nikaomba ruhusa kwenda kukaa matanga Kaole siku tatu. Kabla ya kwenda nilimchukua Jaysukh mpaka pwani, nikamwonyesha debe.

"Utapasua hapahapa," nilimwambia. "Utaponda hapahapa, juu ya jiwe lile. Usipeleke nyumbani kitu ila jiwe lililokwisha pakwa. Umeelewa, Bwana?"

"Nimeelewa. Wanifanya mimi mtoto?"

Kama angekuwa mtoto angesikia. Siku ya kwanza alikwenda pwani, akawakuta wapakiaji wa boriti. Akaona haya kuonekana amechuchumaa anaponda kombe, yeye Jaysukh wa kutoka Bombay, na kila mtu anajua mila ya nyumba yao. Akawafunga kombe kwenye leso, akarudi nyumbani. Shemeji yake alikuwa ametoka kumtazama jirani aliyejifungua. Jaysukh akaingia jikoni, akachukua jiwe la kusagia viungo, akawasaga hapo.

Lile jiwe si la kununuliwa dukani. Bibi Damyanti alipewa na mama yake alipoolewa, likavuka naye bahari likiwa limefungwa ndani ya nguo zake. Mimi mwenyewe miaka kumi na miwili sikuruhusiwa kuliosha, aliliosha kwa mkono wake. Bwana yule alilifuta kwa kitambaa akaona basi. Jioni Bibi akasaga tangawizi juu yake, wakala nyumba nzima. Ni kesho yake alipokuta kipande cha gamba kimenasa kwenye tundu la jiwe, akalinusa, akajua amekula nini.

Mimi wakati huo nilikuwa Kaole nachambua mchele wa matanga.

Niliporudi siku ya tatu, mchana, furushi la nguo zangu lilikuwa nje uchochoroni na sufuria zangu mbili juu yake. Mlango wa chumba ulikuwa umetiwa kufuli geni. Nikazunguka mlango wa mbele, ulio wazi mpaka uani. Bibi Damyanti alikuwa amesimama uani, macho mekundu, hajala tangu jana. Dhirajlal amesimama nyuma yake. Jaysukh alikuwa kwenye kiti barazani, na gazeti mbele ya uso wake.

"Usiingie," alisema Bibi. "Simama hapo hapo."

"Bibi, kuna nini?"

"Miaka kumi na miwili, Mwaija. Nimekupa ufunguo. Ningekupa nini tena? Kama ulitaka kutucheka ungetucheka kwa mdomo. Kwa nini kwenye jiwe la mama yangu?"

Sikuelewa mpaka aliponionyesha kile kipande cha gamba kwenye karatasi. Hapo nikaelewa vyote kwa mara moja. Nikamgeukia yule wa barazani.

"Bwana Jaysukh. Sema."

Gazeti halikusogea.

"Bwana Jaysukh, mimi nilikuwa matangani. Hizi siku tatu aliyekuwa analisha samaki ni nani? Sema ulivyoapa."

Dhirajlal akamwuliza kitu kwa lugha yao. Jaysukh akashusha gazeti kidogo, akajibu kwa Kiswahili ili na mimi nisikie: "Mimi sijui mambo ya jikoni. Samaki wangu anakula ngano. Huyu ndiye anayekwenda pwani kila siku, muulizeni yeye."

Nikasema niliyokuwa nayo. Nilisema yote, la debe, la kombe, la kiapo. Na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyojimaliza, kwani nilikuwa nakiri kwa mdomo wangu kuwa nimeingiza nyama nyumbani miezi minne. Bibi alifunga masikio kwa viganja.

"Toka," alisema. "Nilikwambia sitasema mara mbili, na sasa umenifanya niseme."

Ndivyo nilivyotoka. Kitanda changu kilibaki ndani, hakibebeki na mtu mmoja. Nikarudi Kaole na furushi kichwani, nikatandika mkeka palepale ukumbini nilipotandika miaka kumi na miwili nyuma. Watoto wa Somoe sasa walikuwa wakubwa, miguu yao mizito zaidi.

Habari ilifika kabla yangu. Siku ya bamvua nilipokwenda pwani kuchimbua kombe wa mboga, wanawake walinipokea kwa vicheko.

"Bi Mwaija, hao wa leo unampelekea Baniani gani?"

"Tuchukue na sisi, shoga, tukawapikie pilau ya kuku!"

"Mwacheni jamani, alitaka kuwasilimisha kwa tumbo."

Somoe aliwatukana mpaka koo likamkauka. Mimi nilichimba. Nilikuwa na hasira ambayo haikutaka kutoka kwa mdomo.

Siku ya tisa tangu nifukuzwe, Jaysukh alikuja Kaole kwa baiskeli. Suruali yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini na ndevu hajanyoa. Nilikuwa uani nakuna nazi, Somoe anapepeta.

"Hodi," alisema.

"Mwenyewe amekwenda baharini," Somoe alijibu, wala hakunyanyua macho. "Hapa wamebaki wanawake, na mambo ya jikoni."

Akaingia hata hivyo, akasimama mbele yangu. "Bi Mwaija, samaki hali chakula. Tangu uondoke hali. Nimempa kombe, nimempaka kwenye jiwe, anatema. Sasa analala ubavu. Njoo unionyeshe tu, mara moja."

"Kombe gani uliompa?"

"Wale wa debeni walikufa kabla sijawajua sura; hawa ni wa kwenye mikoko."

Mbuzi ya nazi ilikuwa chini yangu, na nilishika kifuu kwa nguvu hata kikapasuka. "Umekuja kwa ajili ya samaki," nilisema.

"Atakufa, Bi Mwaija."

"Nilipotupwa nje na furushi langu, uliona gazeti tu. Samaki kulala ubavu ndiyo umepanda baiskeli. Nenda kwa shemeji yako. Mwambie aliyesaga ni nani. Ukishasema, njoo uniulize kombe."

"Nitamwambia. Lakini kwanza nionyeshe..."

"Kwanza sema."

"Ataniona mimi ni mtu gani?"

"Atakuona ulivyo," Somoe aliingilia. "Haya, baiskeli yako hiyo, bwana, isije ikaibiwa na sisi wala kombe."

Akaenda. Na kumbe alisema. Jioni ile ile alisema, mbele ya kaka yake na shemeji yake, kwa sababu alirudi akakuta kitatange anaogelea kichwa chini. Kiapo cha kichwa cha mama yake hakikumfungua mdomo. Miaka yangu kumi na miwili haikumfungua. Njaa ya samaki ilimfungua, tena kwa jioni moja tu.

Kesho yake Dhirajlal alituma mtu wa dukani kuniita. Nilivaa kanga zangu safi. Somoe akasema haniachi niende peke yangu. Njiani kutoka Kaole mpaka mjini nilikuwa naona chumba changu mbele yangu. Nilikuwa nimekwisha amua: sitasema maneno mengi, nitapokea ufunguo, nitafagia, nitafunga komeo, nitalala mpaka asubuhi. Hasira ningekuwa nayo humo humo ndani, si lazima niiweke nje.

Bibi Damyanti alikuwa uani tena. Alinitazama usoni, na naomba nimtendee haki, hilo hakuliogopa.

"Jaysukh amesema," alianza. "Mimi sikujua. Ulivunja sharti, hilo lipo. Lakini jiwe si wewe. Nimekusingizia jiwe, na kwa hilo nimefunga siku moja."

"Ahsante, Bibi."

"Sasa kuna jambo. Yule kiumbe yuko nyumbani mwangu anakufa njaa. Dhambi hiyo siiwezi. Na nyama kumwingizia ndani siiwezi vilevile. Tumefikiri usiku kucha na Bwana, tukaona dawa." Akaelekeza mkono nyuma ya ua. "Njoo uone."

Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi. Kilikuwa kimepakwa chokaa mpya. Kitanda changu kilikuwa kimesimamishwa wima ukutani nje, na pale kilipokuwa pametengenezwa jukwaa la matofali. Juu yake sanduku la vioo. Kitatange alikuwa ndani, amejibanza kona, tumbo limebonyea kama jani lililokaa juani mwezi mmoja.

"Chumba hiki kina mlango wake wa nje," alieleza Bibi. "Utapitia uchochoroni, hutagusa kizingiti changu. Utakuja asubuhi na jioni, utamlisha anachokula. Na kufua utaendelea kama zamani. Hakuna atakayevunja sharti tena."

Nilitazama lile jukwaa. Lilikuwa limejengwa vizuri, kwa udongo wa kichuguu, lipate kudumu.

"Na mimi nitalala wapi, Bibi?"

Alishangaa. Nilimwona anashangaa kweli, kwamba jambo hilo halikuwa limempitia akilini. "Si una dada yako Kaole?" alisema. "Pale si nyumbani kwenu?"

"Shemeji, tungeweza kuweka pazia..." alianza Jaysukh nyuma yetu.

"Pazia!" alisema Somoe. "Dada yangu alale nyuma ya pazia, samaki alale mbele! Asubuhi amwamkie shikamoo!"

Dhirajlal akakohoa, akasema kuwa mambo yote yanaweza kuzungumzwa. Hakuyazungumza.

Nikamwambia Somoe ashike miguu ya kitanda, mimi nikashika kichwa. Jaysukh akatukimbilia mpaka uchochoroni, akatushikia kitanda kama anayetaka kusaidia, kumbe anatuzuia.

"Bi Mwaija, basi niambie tu. Niambie ni kombe gani. Nitakwenda mwenyewe, nitachimba mwenyewe. Nimeshasema ukweli, si ulinitaka niseme?"

"Umesema."

"Sasa si uniambie!"

Nilikuwa na jibu kinywani, na lilikuwa fupi: wale wadogo wa mchangani, wa siku ileile, ndani ya matundu, uliache jiwe juani kwanza. Maneno machache tu. Ningeyasema, samaki angepona. Nikayatafuna nikayameza. Tukakibeba kitanda tukaenda.

Alijaribu. Bamvua mbili alikuja pwani ya Kaole, suruali ameikunja, anaokota kila chenye gamba na kukitia ndooni, wanawake wanamzomea, "Huyo, huyo anauma!" naye anaruka. Alipopita karibu yangu alinyanyua moja na kunionyesha, akaninyanyulia nyusi. Nilihama nikachimba mahali pengine. Somoe alisema hapo nilizidi. Labda. Kitatange hakufika bamvua ya tatu.

Hapo nikangoja. Kwa nini niseme uongo, nilingoja. Samaki amekufa, chumba ki tupu, ukweli umesemwa. Nilijiambia leo watatuma mtu, kesho watatuma mtu. Wiki tatu. Somoe alikuwa ananitazama ninavyoshtuka kila ikisikika kengele ya baiskeli.

Mwishowe nilikwenda mjini kununua chumvi, nikapita uchochoro ule kwa makusudi. Mlango ulikuwa wazi. Lile jukwaa lilikuwa limebebeshwa magunia ya mbaazi mpaka karibu na dari. Bibi Damyanti alikuwa mlangoni anamhesabia hamali. Akaniona.

"Mwaija! Hujambo? Mbona huji siku hizi?"

"Nije wapi, Bibi?"

Aligeuka akayatazama magunia. Nadhani hapo aliona. Alifungua mdomo, na mimi nikasimama, nikampa nafasi, nikahesabu pumzi zangu. Hamali akauliza gunia hili liende wapi. Akamwambia, "Juu ya lile, kuna nafasi bado."

Nikaenda kununua chumvi yangu.